Dhambi yenye kibali: filamu ya mwindaji wa tembo na maswali inayotuachia



Wapendwa waamini, katika makala haya tunakusudia kutafakari pamoja nanyi juu ya filamu moja isiyo mpya, iitwayo White Hunter Black Heart, yaani Mwindaji Mweupe, Moyo Mweusi. Yapo mambo mawili yaliyotusukuma kuichagua. La kwanza, ni filamu inayoutazama ulimwengu wa sinema wenyewe na kuonesha jinsi tamaa ya makuu inavyofanya kazi ndani yake, nasi tunao vijana wengi katika maparokia yetu wanaotamani kuingia katika ulimwengu huo. La pili, inahusu tembo, na sisi wa Katavi tunaishi na tembo.

Huenda wapo watakaoshangaa kwa nini tovuti ya jimbo ishughulike na sinema. Kanisa halikuanza jana kuzungumza juu ya jambo hili. Tarehe 29 Juni 1936 Papa Pius XI aliwaandikia maaskofu wa Marekani Waraka uitwao Vigilanti Cura, uliohusu sinema peke yake. Papa Pius XII akafuata na Miranda Prorsus tarehe 8 Septemba 1957, na Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano wakatoa hati Inter Mirifica tarehe 4 Desemba 1963. Katika mafundisho hayo Mama Kanisa haiiti sinema chombo cha shetani. Anaitambua kama zawadi yenye nguvu, na kwa sababu ya nguvu hiyo anatutaka tuwe macho. Papa Pius XI alieleza kwamba picha zinazotembea huingia akilini bila jasho, hata kwa mtu asiyejua kusoma, tena akiwa gizani, amezungukwa na wenzake, huku muziki ukimchochea. Yeyote aliyewahi kupita jioni nje ya kibanda cha video, vile ambavyo vijana huviita vibanda umiza, anaelewa vizuri Baba Mtakatifu alikuwa anasema nini.

Tuje kwenye filamu yenyewe. Ilitoka mwaka 1990. Mwongozaji wake ni Mmarekani Clint Eastwood, ambaye pia ndiye mwigizaji mkuu. Habari zake zimewekwa katika miaka ya mwanzo ya 1950, nazo zinatokana na riwaya ya Peter Viertel iliyochapishwa mwaka 1953. Viertel hakuandika kwa kusikia tu. Alishiriki kutengeneza mswada wa filamu maarufu The African Queen, ambayo mwongozaji John Huston aliipiga picha mwaka 1951 katika Kongo ya Wabelgiji na Uganda. Alimwona Huston kwa karibu, akaona jinsi shauku ya kuwinda tembo ilivyomkamata, kisha akaandika hadithi akibadili majina. Huston akawa John Wilson, na Viertel mwenyewe akawa Pete Verrill, mwandishi kijana anayempenda mkubwa wake na kumwogopa.

Hiyo The African Queen inatuhusu sisi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika kuliko tunavyodhani. Ilitokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, juu ya mashua ndogo inayokwenda kuishambulia meli ya kivita ya Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Nyuma ya hadithi hiyo ya kubuni viko vita halisi vilivyopiganwa katika ziwa letu. Miongoni mwa meli za Wajerumani ilikuwamo Graf von Götzen, iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 ili isitekwe, ikainuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena safari kwa jina la Liemba. Wazee wa Karema na Ikola hawahitaji kuelezwa Liemba ni nini.

Sasa, John Wilson ni nani? Ni mwongozaji mwenye kipaji kikubwa na madeni makubwa. Anakaa katika nyumba ya kifahari Uingereza, anatumia fedha asizo nazo, naye anakubali kwenda Afrika kupiga filamu. Watayarishaji wanadhani anaifuata kazi. Verrill anagundua mapema kwamba anachofuata ni tembo dume mwenye pembe kubwa. Wanafika Entebbe, na filamu inakuwa jambo la pili. Waigizaji wanakuja, mafundi wanasubiri, mtayarishaji anahesabu hasara kila siku inayopita, na Wilson yuko porini na bunduki. Mvua inanyesha, siku zinapotea. Kila anayejaribu kumrudisha kazini anadhihakiwa mbele ya watu.

Ingekuwa rahisi kama Wilson angekuwa mtu mbaya tu. Filamu haitupi nafuu hiyo. Katika hoteli ya Entebbe anamsikia mama mmoja akiwatukana Wayahudi, naye anamwaibisha mezani kwa maneno makali. Usiku huohuo anamwona meneja wa hoteli akimtesa mhudumu Mwafrika kwa kosa dogo, naye anamwita meneja huyo nje wapigane. Anapigwa vibaya, kwa kuwa mwenzake ni kijana mwenye nguvu, lakini alijua kwamba atapigwa na bado akaingia. Nani asingempenda mtu wa namna hiyo? Mtu huyuhuyu, baada ya siku chache, anawapeleka wengine katika hatari kwa sababu ya matakwa yake tu. Sisi wachungaji tunaijua hali hiyo kutoka katika kitubio, na kila mwaminifu anaijua kutoka katika moyo wake: unaweza kuwa jasiri katika haki inayoonekana mbele ya watu, kumbe kuna chumba kimoja ndani ya nafsi ulichokifunga, na ufunguo hutaki kumpa hata Mungu.

Hapo ndipo tunafika kwenye mazungumzo ambayo kwa ajili yake tumeandika makala haya. Verrill anachoka, anamwambia Wilson kwamba kumuua mnyama mkubwa na mtukufu kama huyo ni uhalifu. Wilson hakatai kwa namna tuliyoitarajia. Anamjibu, kwa maana, kwamba si uhalifu bali ni kitu kikubwa zaidi, ni dhambi. Nayo ni dhambi pekee ambayo mtu anaweza kuinunulia kibali, kisha akaenda kuitenda. Na hiyo, anasema, ndiyo sababu anataka kuitenda kabla ya jambo lingine lolote.

Tuyapime maneno hayo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1857, inatufundisha kwamba ili dhambi iwe ya mauti yanahitajika mambo matatu kwa pamoja: jambo lenyewe liwe kubwa, mtu awe na ujuzi kamili, naye aridhie kwa makusudi. Mara nyingi tunapokosa huwa tuna wingu fulani. Tunajidanganya, tunasema si vibaya sana, tunasema kila mtu anafanya. Wilson hana wingu. Anaiita dhambi kwa jina lake kabla hajaitenda, na jina hilo kwake linakuwa kivutio. Katika seminari tulisoma juu ya mwelekeo huu wa moyo katika Maungamo ya Mtakatifu Augustino, pale anapokumbuka jinsi alivyoiba mapeari akiwa kijana, wala hakuyahitaji; alichokitamani ni uovu wenyewe. Wakati ule tuliona ni kisa kidogo mno kwa mtakatifu mkubwa kukililia kurasa nyingi. Umri umetufanya tukielewe.

Kisha lipo neno kibali. Serikali inaweza kutoa leseni ya uwindaji, na katika nchi yetu uwindaji wenye leseni ni halali katika mapori yaliyotengwa. Hatusemi kwamba kila mwenye leseni anatenda dhambi. Katekisimu yenyewe (namba 2417 na 2418) inakubali matumizi ya wanyama kwa chakula na mavazi, halafu inaongeza kwamba kuwatesa wanyama au kuwaua bila sababu ya msingi ni kinyume cha hadhi ya binadamu. Tazameni vizuri: ni kinyume cha hadhi ya binadamu, huyo anayeua. Leseni inajibu swali la mahakama. Swali la dhamiri linabaki pale pale, na muhuri hauwezi kulijibu.

Tunajua mkulima wa mahindi anayepakana na hifadhi atatuuliza kama tumewahi kukesha shambani tukipiga madebe ili tembo wasimalize kazi ya msimu mzima kwa usiku mmoja. Ana haki ya kuuliza. Tembo wa mwongozaji wa sinema ni pembe na ndoto. Tembo wa mkulima ni njaa ya watoto. Papa Francisko katika Waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015 anatukumbusha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini husikilizwa kwa pamoja, na anayetetea tembo bila kumtetea mkulima amesikia nusu. Hata hivyo, idadi ya tembo wa Tanzania ilishuka kutoka zaidi ya 100,000 mwaka 2009 hadi 43,000 hivi mwaka 2014. Hawakuuawa kwa sababu ya mahindi. Waliuawa kwa sababu ya pembe, na aliyeshika bunduki porini mara nyingi alikuwa kijana maskini aliyelipwa kidogo na mtu ambaye hajawahi kukanyaga tope la Mto Katuma.

Tena nchi yetu hii ina kumbukumbu ya zamani juu ya tembo na tamaa za wakubwa. Mwaka 1879 tembo waliofunzwa kutoka India walishushwa Msasani, wakaanza kutembezwa kuja Karema kwa gharama ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, aliyetaka kujua kama wanaweza kubeba mizigo hadi Ziwa Tanganyika. Si wote waliofika, na waliofika hawakuishi siku nyingi. Mwaka 1885 kituo hicho cha Karema kilikabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, na Injili ikapandwa pale pale palipokuwa na ngome ya mfalme. Lakini tusitoke mbali na filamu.

Wilson anampata mtu wa kumwongoza njia, jina lake Kivu, Mwafrika anayezijua nyayo na kuuelewa upepo. Wanakuwa kama marafiki, ingawa hawana lugha ya pamoja. Wilson anahamishia shughuli zote karibu na kijiji cha Kivu, akitoa visingizio vya kikazi, ili awe karibu na tembo wake. Hatimaye siku inafika. Dume kubwa linasimama mbele yake, bunduki iko begani, muda wa kufyatua upo. Wilson hafyatui. Labda ni hofu, labda ni heshima; filamu haisemi, na kwa maoni yetu ni vema haisemi. Kwa dakika hiyo mtazamaji anashusha pumzi, anadhani neema imeshinda. Kisha tembo anashambulia, Kivu anakimbia mbele ili amvute mnyama amwache Wilson, naye anauawa.

Basi tembo hakuuawa, na dhambi aliyoikusudia haikutendeka kama ilivyokusudiwa. Aliyelipa ni mtu ambaye hakuitamani pembe hata siku moja. Tunawaomba msomaji na msikilizaji wetu wakae hapa kidogo, kwa sababu tumezoea kuhesabu dhambi kwa kile tulichokifanya kwa mkono wetu. Wilson angeweza kusema mbele ya hakimu yeyote kwamba hakufyatua risasi. Kweli. Lakini nani aliyemleta Kivu mahali pale?

Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 23, ipo habari ambayo haisomwi mara nyingi. Mfalme Daudi yuko vitani, Wafilisti wameshika Bethlehemu, naye anatamka kwa sauti kwamba anatamani maji ya kisima cha pale mlangoni. Hakutoa amri, alitamani tu. Mashujaa wake watatu wakavunja mstari wa adui, wakachota maji, wakamletea. Daudi alipoyashika aliona kwamba mkononi mwake hakuna maji, bali damu ya watu waliohatarisha maisha yao, akakataa kuyanywa, akayamimina mbele za Bwana. Daudi alikuwa na makosa yake, tena makubwa, lakini siku ile aliona kwa wakati. Wilson aliona akiwa amechelewa. Kiongozi anaweza kuua kwa kutamani tu, kama walio chini yake wanampenda au wanamhitaji kwa mkate wao.

Nasi tunao vibali vyetu hapa Mpanda. Mtu ana leseni halali ya uchimbaji mdogo wa dhahabu, karatasi zote ziko sawa, naye anawashusha vijana katika maduara yasiyo na matimba ya kutosha, kwa sababu kuweka matimba kunachelewesha mali. Ndugu wanauza shamba la mjane kwa hati zenye mihuri yote. Duara likiporomoka au mjane akilala njaa, karatasi zinatolewa kuoneshwa. Tumezika vijana wa maduara. Kaburini hakuna aliyewahi kutuuliza kama leseni ilikuwapo.

Je, kutamani makubwa ni dhambi? Hapana, na tunataka vijana wetu walisikie hili bila kificho. Mtakatifu Thomas wa Akwino katika Summa Theologiae anauhesabu ukuu wa roho, yaani moyo unaothubutu mambo makubwa, kuwa ni fadhila. Kisha, katika swali la 131 la sehemu ya pili ya sehemu ya pili, anaieleza tamaa ya makuu kuwa ni kuitamani heshima pasipo utaratibu, na anaonesha njia tatu za kupotea: kutaka heshima ya jambo usiloliweza, kujitwalia heshima bila kumrudishia Mungu, na kuifurahia heshima bila kuifanya iwafae wengine. Wilson anapotea katika zote tatu. Anataka heshima ya mwindaji ilhali si mwindaji. Hamjui wa kumshukuru. Na kipaji chake halisi, kile ambacho kingewalisha mafundi na waigizaji waliokuwa wanamsubiri, anakiacha kilowe mvuani.

Wana wa Zebedayo nao walitaka viti vya kuume na kushoto (Mk 10:35-45). Bwana hakuwafukuza. Aliwauliza kama wanaweza kukinywea kikombe chake, akawaelekeza kwenye utumishi. Kijana anayetuambia anataka kwenda Dar es Salaam kuigiza au kuongoza filamu hatumwambii abaki nyumbani. Mtakatifu Yohane Paulo II aliigiza jukwaani katika ujana wake, na mwaka 1999 akawaandikia wasanii barua yenye upendo mkubwa. Tunamwuliza kijana maswali machache: utafanya kazi na nani, watalipwa, atakayebeba taa na kamera usiku kucha atarudije kwao? Na dada yako katika sanaa, akiambiwa kwamba nafasi ya kuigiza ina bei isiyoandikwa katika mkataba, wewe utakuwa upande gani? Maswali haya huwapunguzia wengine hamu. Wachache huyachukua na kwenda nayo, na hao ndio tunaowaombea kwa matumaini zaidi.

Kivu, tukumbuke, ni mhusika wa kubuni. John Huston halisi, katika kumbukumbu zake alizozichapa mwaka 1980, alieleza kwamba aliwinda lakini hakuwahi kuua tembo. Mwaka 1966 ilitoka filamu yake ya Biblia juu ya Kitabu cha Mwanzo, na humo Huston mwenyewe aliigiza Nuhu, akiwaingiza wanyama katika safina, tembo wakiwamo. Mungu ana namna zake za kumpa mtu kazi. Tunaiandika habari hiyo kwa sababu tuliposoma juu yake tulicheka peke yetu, na msomaji naye anastahili kucheka kidogo katikati ya makala mazito.

Mwisho wa filamu ni mfupi. Gari linarudi kijijini, kilio kinapaa, ngoma zinaanza kupigwa. Wilson anauliza ngoma zinasema nini, na jibu analopewa ndilo jina la filamu. Anamgeukia Verrill na kukiri kwamba mwandishi huyo kijana ndiye aliyekuwa sahihi katika ubishi wao wa siku nyingi juu ya hatima ya hadithi wanayoipiga picha: Wilson alitaka wahusika wafe, Verrill alitaka waishi. Kisha anakaa katika kiti chake cha mwongozaji. Kamera ziko tayari, watu wote wanamtazama. Kwa sauti ambayo karibu haisikiki anatamka neno la kuanzisha kazi, na filamu inakatika.

Je, ni majuto? Anakiri kosa, lakini analikiri kwa rafiki yake, nalo linahusu mswada. Kwa mke wa Kivu hasemi neno. Tunapofundisha juu ya Sakramenti ya Kitubio tunataja malipizi kama sehemu yake, na wengi huyachukulia kama sala tatu za Salamu Maria zinazosaliwa haraka kabla ya kutoka kanisani. Mtazameni Wilson katika kiti kile, mjiulize malipizi yake yangeanzia mlango wa nani.

Kwa wale watakaoitafuta: filamu iko katika Kiingereza, ina ulevi mwingi na maneno yasiyofaa masikio ya watoto, hivyo wasioneshwe. Kwa VIWAWA, kwa wanandoa, na kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo inafaa, mradi awepo wa kufafanua lugha. Tunapendekeza isimamishwe pale gari linapoingia kijijini, kabla ngoma hazijatafsiriwa, na walioketi waulizwe nani kati ya watu wale wote anapaswa kushuka kwanza kwenda nyumbani kwa Kivu. Wapeni muda wa kujibu.